Arthur Lewis kwa Nkrumah: miezi 15 ya mshauri aliyesikilizwa vizuri na kufuatwa kidogo

Oktoba 1957. Ghana ina miezi saba tu tangu ipate uhuru, na waziri mkuu wake Kwame Nkrumah anafanikiwa kumpata mtu ambaye serikali yoyote changa ingemtamani: Arthur Lewis, mchumi wa maendeleo aliyekuwa anasomwa kuliko karibu wote kipindi kile, mweusi, mtoto wa koloni kama yeye mwenyewe, na mshahara analipwa na Umoja wa Mataifa kwahiyo hazina ya Ghana haiumii. Mpango ulikuwa akae miaka miwili kama mshauri mkuu wa uchumi. Ilipofika Desemba 1958 jamaa yuko anafunga mabegi. Hajafukuzwa, hajatukanwa, barua za kuagana zina heshima zote, ila ameshaona pale hana kazi.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kwa namna mbili. Ya kwanza, mtaalamu alisema ukweli, mwanasiasa akaziba masikio, nchi ikafilisika. Ya pili, wanayoipenda mashabiki wa Nkrumah, Lewis alikuwa msomi mwenye akili za Kiingereza aliyetaka Mwafrika abaki na jembe lake. Zote naziona nyepesi, na hii ya pili ndo nyepesi zaidi, manake 1950 huyuhuyu Lewis alishaandika kuwataka wenzake wa visiwa vya Karibiani wajenge viwanda haraka kwa sababu ardhi haiwatoshi. Mtu wa viwanda kabisa. Sasa ilikuwaje akafika Accra akaonekana adui wa viwanda? Mimi naona kilichowagombanisha ni kitu gani kitangulie na nani abebe mzigo, alafu juu ya hapo kuna cheo chenyewe alichopewa, ambacho kilikuwa na heshima nyingi na nguvu hakina.

Kwanza tumjue mtu. Kazaliwa 1915 Castries, kisiwa cha St Lucia, wazazi walimu waliotoka Antigua. Baba akafariki mtoto ana miaka saba, mama akabaki na watoto wa kiume watano na akawalea wote. Lewis alikuwa kichwa, akamaliza shule na miaka 14, mdogo mno kufanya mtihani wa skolashipu, ikabidi akae ofisini serikalini akiwa karani mpaka umri ufike. Skolashipu akaipata 1932. Alitaka kuwa injinia, lakini akapiga hesabu akaona serikali ya kikoloni haiajiri injinia mweusi na mashamba ya miwa ya wazungu hayaajiri injinia mweusi, kwahiyo ataishia na cheti ukutani. Akachagua biashara na uchumi kule London School of Economics. Akatoka na daraja la kwanza, akawa mhadhiri wa kwanza mweusi pale, na 1948 akiwa na miaka 33 akawa profesa Manchester, mweusi wa kwanza kushika uprofesa wa namna hiyo Uingereza. (Kisiwa chenyewe ni kidogo lakini kimetoa washindi wawili wa Nobel, yeye na mshairi Derek Walcott, na wote wamezaliwa tarehe 23 Januari. Sijui wanakula nini kule.)

Nadharia iliyompa jina ilimjia Bangkok, Agosti 1952, akiwa anatembea barabarani, hivo ndo alivyosimulia mwenyewe, na ikachapishwa 1954. Kwa ufupi ni hivi. Nchi maskini ina sehemu mbili za uchumi. Moja ni ya kujikimu, shamba la familia, vibarua, wamachinga, kazi ambayo watu watano wanafanya na hata watatu wangetosha. Nyingine ni ndogo, ya kibepari, viwanda na migodi na mashamba makubwa, ambako kuna mtaji na faida. Kwa kuwa watu wamejaa upande wa kwanza, upande wa pili unaweza kuwachukua kwa mshahara uleule wa chini kwa miaka mingi bila kuupandisha, faida inaongezeka, faida inarudishwa kununua mashine, mashine zinaita watu wengine, na inaendelea hivo mpaka watu wa ziada waishe kijijini, na hapo ndo mishahara inaanza kupanda kweli. Swali kubwa kwake lilikuwa nchi inayoweka akiba asilimia 4 au 5 ya pato lake inageukaje kuwa nchi inayoweka asilimia 12 mpaka 15.

Ndani ya nadharia kuna kamtego ambako wengi waliosoma kwa haraka walikaruka. Wafanyakazi wa kiwandani wanakula. Kama wakulima waliobaki kijijini hawazalishi chakula zaidi, chakula kinapanda bei mjini, mshahara unalazimika kupanda, na faida iliyotakiwa kununua mashine inaliwa sokoni kwenye mihogo na magimbi, mchezo unaishia hapo. Mfano wake mmojawapo ulikuwa Japani, mkulima aliongeza uzalishaji kwanza, alafu serikali ikachukua kipande cha nyongeza ile kwa kodi. Kipande cha nyongeza, nasisitiza.

Na Lewis hakufika Accra 1957 kama mgeni. Serikali ya Gold Coast, yaani Ghana kabla ya uhuru, ilishamwita mwishoni mwa 1952 aandike ripoti kuhusu viwanda, ikatoka 1953, na majibu yake yaliwashangaza waliotegemea orodha ya viwanda. Alisema kazi namba moja ni kushambulia kilimo cha chakula ili tija ipande mwaka hadi mwaka, namba mbili ni barabara, maji, umeme na huduma, viwanda vije nyuma kwa uangalifu na vile tu vinavyolipa. Tena alisema wazi Gold Coast haina watu wa ziada. Kakao ilikuwa inawavuta vibarua toka kaskazini na hata kutoka nje ya mipaka, yaani nchi ina uhaba wa mikono. Kwahiyo mwandishi wa nadharia mwenyewe alitamka kwamba nadharia yake haishiki hapa mpaka shamba liachie watu. Hii huwa haitajwi na inastahili.

Sasa twende kwenye hela, maana ndo moyo wa kisa. Hela ya Ghana ilikuwa kakao, na kakao inanunuliwa na bodi ya serikali. Chukua kalamu. Mzigo mmoja wa kakao ni ratili 60, kama kilo 27. Agosti 1954 serikali ya Nkrumah, hata kabla ya uhuru kamili, ikapitisha sheria bei ya mkulima ifungwe shilingi 72 kwa mzigo kwa miaka minne. Tani ya Kiingereza ni ratili 2,240, hiyo ni mizigo 37 na kitu, zidisha kwa 72 unapata kama shilingi 2,688, gawa kwa 20 zinakuwa pauni 134. Mwaka huohuo London tani ilikuwa inauzwa zaidi ya pauni 400. Toa usafiri, toa gharama za bodi, bado mkulima kapata kama theluthi ya bei ya dunia, na sehemu kubwa ya iliyobaki imeingia serikalini. Mwezi uliofuata, Septemba, Kumasi kikaanzishwa chama cha National Liberation Movement, hasira za wakulima wa kakao zikachanganyika na mambo ya Ashanti na uchifu, na nchi ikaenda nusura ipasuke kabla haijapata bendera. Kwahiyo Lewis anapokuja kusema pelekeni nguvu shambani, Nkrumah anasikia vijiji ambavyo vingine vimemkataa kwenye kura. Lewis alikuwa anaongelea zaidi wakulima wa chakula, najua, lakini ukiwa waziri mkuu ramani unayoiona ni ya majimbo ya uchaguzi.

Upande mwingine kulikuwa na Mto Volta. Ndoto ya zamani, toka enzi za Waingereza: bwawa, umeme, kiwanda cha kuyeyusha aluminiamu kwa kutumia boksiti (mawe yenye madini ya aluminiamu) ya nyumbani. Makadirio ya 1956 yalifika pauni milioni 231 kwa mradi mzima na mabepari wakaanza kurudi nyuma. Alafu Oktoba 1957, mwezi uleule Lewis anaanza kazi, waziri wa fedha Komla Gbedemah akiwa Marekani akasimama kwenye mgahawa mmoja Dover, Delaware, kununua juisi ya machungwa, wakamuuzia ila wakamwambia mtu mweusi hakai kunywa humu ndani. Habari ikafika magazetini, Rais Eisenhower kwa aibu akamwalika chai ya asubuhi White House, na hapo mazungumzo ya Volta yakafufuka. Julai 1958 Nkrumah mwenyewe akaenda Washington. Kampuni ya Kaiser ikaingia, bwawa likahamishiwa Akosombo kwa gharama ndogo zaidi. Niambie sasa, mshauri wa uchumi anaipangaje juisi ya machungwa kwenye mpango wa miaka mitano?

Kuhusu Volta Lewis hakuwa shabiki, ila hakuwa mpinzani wa kufa na kupona pia. Hoja yake ilikuwa bwawa na kiwanda vinameza mtaji mkubwa na kuajiri watu wachache, kwahiyo faida kwa Ghana itategemea umeme utauzwa bei gani na kodi itakusanywa kiasi gani, na usisimamishe kila kitu kingine kwa ajili yake. Mbele ya safari ikawa karibu hivohivo. Kiwanda kikawa mali ya Kaiser asilimia 90 na kampuni nyingine, Reynolds, 10, kikapewa umeme kwa bei ya chini sana kwa mkataba mrefu, na badala ya boksiti ya Ghana kikaleta alumina, yaani boksiti iliyokwisha kusafishwa, kwa meli toka ng'ambo. Ziwa likafunika karibu asilimia 4 ya nchi na kuhamisha watu wapatao 80,000. Lakini pia Accra na Tema ziliwaka taa kwa umeme huohuo, na bila Akosombo Ghana ya leo ni ngumu hata kuifikiria, kwahiyo wanaosema bwawa lilikuwa ujinga mtupu nawaomba wapunguze munkari.

Kilichomkimbiza Lewis kilikuwa vitu vidogovidogo vingi, kuliko bwawa. Mwaka 1958 wote anaandaa Mpango wa Pili wa Maendeleo, na kila rasimu ikienda kwa waziri mkuu inarudi na projekti mpya ndani: majengo ya fahari Accra, mambo ya heshima ya nchi, vitu vya kuonyesha wageni. Bajeti ina ukomo, kikiingia hiki kinatoka kile, na vilivyokuwa vinatoka ni maji ya vijijini, vituo vya afya, shule za ufundi, barabara. Lewis akaandika barua kali. Akamwambia Nkrumah kwamba udhaifu wa mpango unatokana na miradi mingi mno anayoing'ang'ania kwa sababu za kisiasa, na akaiita miradi ile midoli. Neno zito hilo kumwambia kiongozi wa nchi. Nkrumah alimjibu kwa utulivu kabisa, kwamba ushauri wako unaweza kuwa sahihi lakini ni ushauri wa kiuchumi, nimekwambia mara nyingi siwezi kuufuata kila mara kwa sababu mimi ni mwanasiasa na lazima nicheze kamari na kesho.

Hilo jibu watu wanalicheka. Mimi silicheki. Angalia kalenda ya wiki zilezile. Tarehe 28 Septemba 1958 Guinea inapiga kura ya kumkataa de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, Wafaransa wanaondoka na vifaa vyao, nchi inaachwa mtupu. Novemba Nkrumah anatangaza muungano na Sékou Touré, kiongozi wa Guinea, na mkopo wa pauni milioni 10. Kwa macho ya Lewis hizo ni pauni milioni 10 za visima na zahanati. Desemba mkutano wa watu wote wa Afrika unafanyika Accra, Tom Mboya wa Kenya ndo mwenyekiti akiwa kijana wa miaka 28, Lumumba yumo ukumbini. Kwa mtu aliyekaa kwenye kile kiti, ukumbi mzuri wa kupokea wageni haukuwa mdoli, ulikuwa zana ya kazi, na kamari ile kwa upande wa uhuru wa bara ililipa. Kwa mkulima wa Ghana haikumlipa.

Na mkulima ndo alitumwa bili. 1959, Lewis ameshaondoka, mpango unazinduliwa, na baraza la wakulima lililo chini ya chama tawala linatangaza kwamba wakulima "wamejitolea" kuachia shilingi 12 kwa kila mzigo kusaidia maendeleo, bei inashuka toka 72 mpaka 60. Kujitolea gani huko jamani. Hapa ndo naona Nkrumah alikosea hesabu ambayo nadharia ya Lewis ilishaiandika: Japani walichukua kipande cha nyongeza, yeye alichukua kabla nyongeza haijaja, na wakati bei ya dunia ilikuwa inaelekea kuporomoka. Uzalishaji ulifika kama tani 557,000 msimu wa 1964/65 kwa sababu miti ilishapandwa zamani, alafu ukaanza kushuka, wakulima wakaacha kupanda upya, magunia yakawa yanavuka mpaka usiku kwenda Ivory Coast na Togo, na ilipofika 1983/84 ilikuwa chini ya tani 160,000. Sio Nkrumah peke yake, serikali zote zilizofuata ziliendelea kumkamua mkulima yuleyule.

Viwanda vyenyewe je? Kisa kinachojulikana sana ni kiwanda cha kusindika nyanya na maembe Wenchi. Maelezo ya serikali yenyewe kuhusu mradi yalikiri kwamba eneo lile maembe hakuna ila miti michache imetawanyika porini, na kwamba mwembe unachukua miaka mitano hadi saba kuanza kuzaa. Yaani mtu alikaa mezani akaandika sentensi hizo, na kiwanda kikaendelea. Ukikisoma hicho unaelewa kwa nini mtu wa hesabu kama Lewis hakumaliza miaka yake miwili.

Kulikuwa na kingine pia, kisicho cha uchumi. Julai 1958 ilipita sheria ya kumfunga mtu bila kesi. Lewis kwenye barua zake binafsi hakuficha kwamba ilimkera, na 1965 alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu siasa za Afrika Magharibi akishambulia mfumo wa chama kimoja, akisema nchi zenye makabila mengi zinahitaji serikali za kugawana madaraka. Miaka ile msimamo huo ulimtia kwenye kundi la wasaliti kwa vijana wengi wa siasa kali.

Lakini haki itendeke, Lewis naye alikuwa na mapengo. Theodore Schultz, ambaye walikuja kugawana naye Nobel 1979, alikataa kabisa wazo la watu wa ziada shambani, akachukua mfano wa India ambako homa ya 1918 iliua mamilioni na eneo lililolimwa likapungua, akasema kama wale walikuwa wa ziada mbona shamba lilipungua? Na pigo lingine likatokea kwetu huku Nairobi. Nadharia ya Lewis inachukulia anayetoka kijijini anakuta kazi. Kenya 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira, binafsi asilimia 10 na serikali asilimia 15, kwa sharti mishahara isipande. Habari ikafika kijijini, watu wakapanda mabasi, na waliokuja kutafuta kazi wakawa wengi kuliko kazi zilizoongezwa. Wachumi John Harris na Michael Todaro, waliofanya kazi Nairobi, wakaandika 1970 kwamba mtu anahama kwa kutegemea bahati ya kupata mshahara wa mjini, kwahiyo ukiongeza kazi mjini peke yake unaweza kuongeza wasio na kazi. Cha ajabu dawa yao inafanana na ile ya ripoti ya 1953: anzia shambani.

Nirudi kwenye cheo. Lewis alikuwa na ofisi, alikuwa na sikio la waziri mkuu, hakuwa na sahihi. Hawezi kuzuia projekti, hawezi kushikilia hela, anachoweza ni kuandika barua nyingine. Gbedemah mwenye sahihi ya hazina naye 1961 alishakuwa nje ya serikali na anakimbilia uhamishoni, kwahiyo hata sahihi si kinga, lakini angalau yeye alikuwa na kitu cha kupigania. Nkrumah alimtaka Lewis kama muhuri, ili wakopeshaji wa London na Washington waone mpango umepitiwa na profesa, na Lewis alipogundua muhuri unagongwa kwenye karatasi ambayo hajaiandika akaondoka kimyakimya, bila kwenda magazetini, jambo ambalo lingemuumiza sana mwenzake. Akaenda kuongoza chuo kikuu cha West Indies, alafu Princeton. 1970 akakubali kazi ya utumishi tena, safari hii rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibiani, akakaa mpaka 1973. Pale serikali ilikuwa inaleta ombi la mkopo, na anayesaini au kukataa ni yeye na bodi yake.